Wimbo Ulionipa Ushindi Buhongwa

Wazee wangu, shikamooni. Nanyi wengine wa jumuiya, amani iwe kwenu. Nimeona wawili watatu mmetabasamu niliposimama. Najua mmeukumbuka ule wimbo, na ndio ulionisimamisha hapa.

Miaka ile ya tisini, biashara zilipoachiwa huru, nilikuwa manju, mtunzi na kiongozi wa kundi la ngoma. Kulikuwa na manju mwingine, jina lake naliacha. Desturi yetu mnaijua: baada ya mavuno makundi mawili yanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na watazamaji wanahamia kwa anayewavutia. Hakuna hakimu. Mwenye watu wengi ndiye mshindi.

Watu walitulinganisha hata misibani. Nani zaidi? Leo nasema ukweli: zaidi alikuwa yeye. Alikuwa mkorofi yule bwana. Aliwahi kumfukuza mgeni rasmi uwanjani kwa sababu alikuwa anaongea wakati ngoma inalia. Lakini akifungua mdomo, hata waliomchukia walinyamaza. Ila sifa alikuwa anaziogopa. Mimi nilizililia. Kanda zangu zilipoanza kupigwa kwenye vibanda vya Nyegezi, nilipita pale mara tatu kwa siku nikijifanya natafuta sabuni.

Tulikuwa marafiki pia. Siku moja akaniambia siri, kwamba kabla ya kila ngoma hutapika nyuma ya nyumba kwa hofu, na mkewe humshika mkono mpaka atulie.

"Usimwambie mtu," akasema.

"Nani, mimi?" nikajibu.

Mavuno yaliyofuata tukakutana Buhongwa. Watu wakaanza kunihama, nikabaki naona migongo. Ndugu zangu, nawaambia, mgongo wa mtu aliyekuwa anakushangilia unauma sana. Nikaimba siri yake. Wala sitawadanganya kwamba ilinitoka tu. Nilikuwa nimeitunga wiki nzima. Nikamwimba anatapika, nikamwimba ameshikwa mkono na mke. Uwanja mzima ukacheka, watu wakarudi kwangu mbio. Yeye akauweka chini usinga wake wa kuongozea ngoma, wakaondoka na mkewe. Hakuingia uwanjani tena.

Wimbo ukarekodiwa. Watoto wakawa wanamwimbia njiani. Mimi nikazungushwa kwenye magari ya matangazo, kila kilabu nakunywa bure, mpaka nikawa asubuhi siwezi kusimama bila pombe. Na kila mahali walitaka wimbo ule ule. Mwingine sikuweza kuutunga. Mke wangu akarudi kwao Kiseke, na sikumfuata.

Ndipo siku moja mke wa mwenzangu akanikuta kilabuni. "Shemeji," akasema, "anaumwa. Anakuita."

Nilimkuta mkekani, amekwisha kabisa. Akasema, "Niimbie."

"Upi?"

"Unaujua."

Nikaimba. Mkewe alikuwa ameinama pale pembeni. Nilipofika anaposhikwa mkono, nikalia kama mfiwa. Mwenzangu alinisubiri nimalize kulia.

"Wimbo mzuri," akasema. "Lakini ulipoutunga, hapo kwenye mkono ulipaharakisha. Ungekaa hapo. Hapo ndipo penye wimbo."

Nikamwomba msamaha. Hakusema amenisamehe, aliutafuta mkono wangu, akaushika. Alifariki wiki ile ile.

Mpaka leo najiuliza angetunga nini miaka yote ile niliyomnyamazisha.

Tangu maziko sijagusa pombe, na sikuweza peke yangu. Mjane wake alikuja kwangu kila asubuhi na uji, akakaa mpaka niumalize, bila kunisema hata neno moja. Yuko humu ndani, simtaji. Mama, asante. Na ninyi wa jumuiya mliolala kwangu zamu kwa zamu nilipokuwa natetemeka, asanteni sana.

Nililonalo la kuwaambia ni hili: mkiona mtu amejaliwa kipaji, msimpime kwa kelele za watu. Muulizeni anashikwa mkono na nani.

Najua kanda ile bado iko kwenye nyumba zenu. Sitaki mnirudishie. Naomba tu, siku mkiipiga, mkifika pale anaposhikwa mkono, msicheke.