Maisha ya Wendell Treadway na Taa Yake Moja ya Nyuma

Ndugu waombolezaji, majirani wa Pell Fork, nanyi mliotoka Corliss na baridi hii, mnaombwa mkae, viti vya nyuma bado vipo. Familia imemteua mtoto wa kwanza wa marehemu, Marla, awasomee historia ya baba yake, na kabla hajaanza anawaarifu kwamba ile karatasi mliyopewa mlangoni, yenye picha ya marehemu kando ya lori la maziwa, iliandikwa na mdogo wa marehemu, Bwana Royce Treadway, ina aya tatu safi zisizo na kosa hata moja, na mnaweza kuikunja mkaitia mfukoni. Itakayosomwa ni hii, ambayo mama mzazi wa marehemu, Bibi Opal, ameagiza isomwe yote, bila kurukwa neno, hata kama kuna mtu atataka kutoka nje.

Marehemu Wendell Amos Treadway alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya shamba juu ya kijito cha Pell, kaunti ya Maddock, Ohio, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa Mzee Clyde Treadway, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, na Bibi Opal, mnayemwona hapa mbele. Wa pili, Royce, alizaliwa mwaka 1956, naye pia yupo, safu ya tatu, amevaa tai ya kazini.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapahapa kijijini, kisha sekondari ya Corliss, akamaliza Juni 1969, na walimu wake walimwandikia kwamba akili anayo ila mdomo wake hauna breki. Walisema kweli. Familia haikuja hapa kuwauzia malaika, marehemu alikuwa na ulimi wa kuchoma, na aliyechomwa zaidi ya wote ni mdogo wake, kwani tangu Royce alipoajiriwa ukarani katika mahakama ya kaunti mwaka 1979, dirisha la makosa ya barabarani, kaka yake hakumwita tena kwa jina, alimwita Muhuri, mezani, kanisani, mbele ya wageni. "Haya, Muhuri, kigonge hiki kiazi tujue kama ni halali," na watu hucheka mpaka machozi, na Royce naye hucheka, lakini kwa meno tu. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako walikuwa wamekaa kwenye meza kama ile.

Kuhusu kazi, marehemu alimsaidia baba yake shambani hadi mwaka 1974, kisha akaendesha lori la kukusanya maziwa kwa miaka arobaini na mmoja, shamba hadi shamba, theluji au mafuriko, maana ng'ombe hajui Krismasi, na wafugaji waliomo humu ni mashahidi kwamba hakuna aliyewahi kumwaga maziwa kwa sababu Wendell hakufika.

Tarehe 12 Juni 1976, ndani ya kanisa hilihili, alifunga ndoa na Bi. Glenna Sayre, mpishi wa shule, ambaye siku ya kwanza alimwambia kuwa lori lake linanuka na yeye pia, na wakajaliwa watoto wawili, Marla mwaka 1978 na Dwight mwaka 1982, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma huko Texas na amefika jana. Marehemu ameacha mjane, watoto hao wawili na wajukuu watatu.

Maradhi yalianza mwaka 2015, figo zote mbili zikagoma, akaacha lori, na tangu hapo akawa mtu wa mashine, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mjini Lathrop, maili thelathini kutoka hapa, kusafishwa damu. Basi la kwenda huko halipo, teksi hatujawahi kuiona, macho ya Bi. Glenna yamekwisha na hawezi kuendesha, kwa hiyo marehemu alijiendesha mwenyewe, akaenda, akasafishwa, akarudi. Daktari wake, Bi. Ruth Ostrander, hakumficha, alimwambia, "Wendell, ukikosa mara moja utaumwa, ukikosa mara mbili nitakuja kuimba kwenye mazishi yako." Akampimia pia maji ya kunywa, vikombe viwili vidogo kwa siku, basi, kwani figo zisizofanya kazi hugeuza maji kuwa sumu, na hilo tulilijua sote tuliokula naye Jumapili kwa Bibi Opal, maana kikombe chake kilikaa mezani na ole wake aliyekigusa.

Kwa hiyo, ndugu, muelewe kitu kimoja. Uhai wa mzee huyu ulikuwa leseni yake ya udereva.

Tarehe 6 Septemba 2018, naibu wa sherifu, yaani askari wa kaunti, alimsimamisha mbele ya kituo cha zimamoto cha Pell Fork, taa yake moja ya nyuma ilikuwa imeungua, akampa tiketi ya kufika mahakamani Jumanne ya tarehe 18. Sasa, kila mtu wa hapa anajua kwamba ukikamatwa kijijini unakwenda kwa meya, ambaye husikiliza kesi Jumanne jioni palepale kituoni, kati ya magari mekundu na birika la kahawa, babu zetu walikwenda huko, nasi tunakwenda huko, na marehemu akanyoa ndevu, akavaa shati la kanisani, akaenda. Ambalo hakulijua, na wengi wenu humu hamlijui hata leo, ni kwamba anayekwenda kwa meya ni aliyeandikiwa na askari wa kijiji, aliyeandikiwa na naibu wa sherifu huenda mahakama ya kaunti, Corliss, hata akisimamishwa mlangoni kwa meya mwenyewe, na jina la mahakama huandikwa chini kabisa ya tiketi, kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Karani wa meya, Bi. Dottie Kress, alitafuta juu na chini, akamwambia, "Wendell, hapa huna kitu. Labda kijana wa watu kasahau kuileta. Nenda nyumbani kabla hajakumbuka!" Marehemu akarudi akipiga mbinja, akaibadilisha taa siku iliyofuata, akahesabu yamekwisha.

Asubuhi ya Jumanne hiyohiyo, kule Corliss, jina lake lilikuwa limeitwa mahakamani, likakosa mwenyewe. Aliyeliingiza kwenye kompyuta siku tiketi ilipopelekwa, na aliyeandika kwamba mshtakiwa hakufika, ni mtu mmoja, na mtu huyo anajua kabisa Wendell Amos Treadway ni nani, kwa sababu wamenyonya ziwa moja.

Jumapili iliyofuata tulikuwa mezani kwa Bibi Opal, na marehemu, akiwa na furaha yake, akatusimulia kisa kizima, jinsi alivyokwenda na tiketi yake wakamkosa, kisha akamgeukia mdogo wake. "Na kwako je, Muhuri? Hamna kitu changu huko?" Baba mdogo Royce akafuta mdomo kwa kitambaa, akasema, "Ofisi inafunguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi. Njoo dirishani upange foleni kama watu wengine." Meza nzima ikacheka, na marehemu akacheka kuliko wote, akasema kumbe Muhuri naye anajua utani! Ilikuwa bado mapema siku ile, ndugu zangu, mtu aliyekosea mlango alikuwa na mwezi mzima wa kufika na kusema nimekosea mlango, leseni yake ilikuwa bado hai. Lakini nani huenda mahakamani kuuliza kama anashtakiwa? Usimwamshe aliyelala, utalala wewe, na marehemu akalala usingizi wake.

Mwezi wa Oktoba leseni ikafungiwa na hati ya kumkamata ikatolewa, na taarifa ikatumwa kwenye ile nyumba ya shamba, ambayo ndiyo iliyoandikwa kwenye leseni, wakati marehemu na mkewe walikuwa wamehamia kijijini tangu mwaka 2016 na nyumba ile ikabaki tupu. Baba mdogo alijua walikohamia. Kitanda chao alikibeba yeye, upande wa kichwani. Na majira yote yale ya baridi marehemu akaendesha gari mara tatu kwa wiki, akimpungia mkono kila askari aliyepishana naye, na kila Jumapili ndugu hao wawili wakala kuku wa sahani moja.

Ijumaa ya tarehe 15 Februari 2019, akiwa njiani kwenda Lathrop, alisimamishwa. Alimwambia naibu wa sherifu, "Mwanangu, nawahi mashine, ukitaka nifuate mpaka kitandani," naye akajibiwa, "Mzee, kompyuta inasema nikuchukue." Akapelekwa mahabusu ya kaunti, ambayo iko chini ya jengo la mahakama, chini ya lile dirisha, na kwa kuwa Jumatatu ilikuwa sikukuu ya taifa, hakimu asingekaa mpaka Jumanne.

Bi. Glenna alipopata habari jioni hiyo hakumpigia mwanawe wala binti yake, alimpigia shemeji yake, kwa sababu ndiye mtu wa mahakama katika ukoo, na akajibiwa kwa upole, "Tulia, shemeji. Jela ina daktari wake. Jumanne nitalimaliza mwenyewe, ila usimwambie mama, utamshtua moyo." Akatulia. Mwanamke aliyeolewa katika ukoo huu kwa miaka arobaini na miwili hakuona sababu ya kutoamini, na tangu siku hiyo hapati usingizi, nasi tunakesha naye.

Jumamosi, askari jela Bwana Harlan Skaggs alimpigia karani simu nyumbani kwake, maana ni desturi ya kaunti yetu, hakimu akihitajika wikendi kutoa dhamana karani ndiye humpigia, na karani peke yake ndiye mwenye namba. Akamwambia, "Royce, kaka yako yuko huku chini, amekosa mashine yake, miguu imevimba." Akajibiwa, "Hakimu hasumbuliwi sikukuu kwa mambo ya barabarani. Angekuja dirishani Septemba." Bwana Skaggs akasema mzee anahema vibaya, amfanyie nini? "Mpe maji," akasema baba mdogo Royce. "Mpe maji mengi, alale."

Akapewa. Alikataa, wakadhani anasusa, wakambembeleza, na kiu ikamshinda.

Jumapili, Royce alikwenda kula kwa mama yake kama kawaida. Bibi Opal akauliza mbona Wendell hajaja, na mwanawe wa pili akachukua kipaja cha kuku, akasema, "Yuko mjini, mama." Hakusema uongo. Katika maisha yake yote hajawahi kusema uongo, na familia inapenda mlijue hilo.

Jumatatu usiku marehemu alipoteza fahamu, akakimbizwa hospitali ya Lathrop, ambako madaktari walihangaika naye, na alfajiri ya Jumanne tarehe 19 Februari 2019, muda mfupi kabla ya mahakama kufunguliwa, moyo wake ukasimama. Marla alikuwa barabarani kutoka Columbus, hakumkuta.

Wengi mmekuja nyumbani kutuambia kazi ya Mungu haina makosa. Asanteni, lakini msimsingizie Mungu, Mungu hakai dirisha la makosa ya barabarani.

Familia inatoa shukrani kwa daktari Ruth Ostrander, ambaye aliahidi kuimba na ataimba, na kwa wauguzi wa mashine, ambao Ijumaa ile walipiga simu kutwa nzima wakiuliza Wendell yuko wapi. Inawashukuru majirani kwa kuni, kwa kusafisha theluji, na kwa vyakula mtakavyovikuta ukumbini chini. Inawashukuru madereva wa maziwa waliopanga malori yao nje bila kuombwa. Inamshukuru Bwana Harlan Skaggs, aliyekuja nyumbani Jumatano akalia jikoni na kueleza yote, kwa ukweli aliousema tunamshukuru, kwa maji hatumshukuru, naye amesema ni haki. Na inamshukuru baba mdogo Royce kwa shada la maua, ambalo ni kubwa kuliko yote na limefika kwa wakati.

Mwisho ni tangazo la Bibi Opal. Wazee mnakumbuka kwamba Mzee Clyde, kabla ya kufa kwake, alisimamisha jiwe moja la familia lenye majina manne, lake, la mkewe na ya wanawe wawili, kila jina na mwaka wake wa kuzaliwa, mwaka wa pili ukiachwa wazi. Juzi Bibi Opal aliomba apelekwe makaburini na fundi mawe, akakaa garini kwenye baridi mpaka kazi ikaisha, na mtakapofika pale baada ya ibada mtaona kwamba chini ya jina la Wendell, palipokuwa na jina la nne, pamesagwa pakawa peupe, na nafasi hiyo sasa ni ya Bi. Glenna. Alipoulizwa na mchungaji kama ana hakika, kwani hasira ya msiba hupita, mama huyu wa miaka themanini na tisa alijibu maneno haya, na ametaka yasomwe Royce akiwa hapa, akiwa mzima, akisikia: "Nilizaa wawili. Leo nazika wawili."

Wendell Amos Treadway, mwana wa Clyde na Opal, mume wa Glenna, baba yetu, lala kwa amani, safari za Lathrop zimekwisha.