Mwalimu wa Tuba na Vipande Vyake Saba

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupiga tuba katika okestra yetu na kuifundisha, Mwalimu, tunayemwita Babu Tuba, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Mimi ni mfanya usafi wa ghorofa ya pili, chumba chake nakifagia mimi, ndiyo maana nimeombwa niandike.

Kwa wasioijua, tuba ni lile tarumbeta kubwa la shaba linalopakatwa kama mtoto. Anayetaka kazi ya kulipiga hupewa vipande saba vya nyimbo ndefu, avipige nyuma ya pazia, waamuzi wasimwone. Vyote havifiki dakika kumi, ila kuvitayarisha ni mwaka mzima. Mwalimu hakuruhusu kurudia. Kila asubuhi kila kipande mara moja tu. Ukikosea, mtakutana kesho. Kwenye usaili, alisema, hakuna samahani naanza upya.

Mwanafunzi akipiga, yeye Mwalimu hutoka nje, maana sikio lake limevizoea mno, linaziba makosa lenyewe. Nyuma ya pazia la mazoezi chumbani mwake alinikalisha mimi na ndoo yangu. Muziki sikusomea, na shule niliishia darasa la nne. Kazi yangu ni kufuata mapigo kwa mguu na kumwambia mwanafunzi mguu umepotea wapi. Wanafunzi tisa wamepata kazi huku na kule kwa njia hiyo.

Wa kumi alikuwa binti yangu. Kipande cha tatu alikikimbiza, mguu ukapotea, nami nikasema kiko sawa. Nilimwonea huruma, midomo imemvimba. Siku ya usaili alisimamishwa hapohapo kwenye cha tatu. Nikaenda kuungama, nikijua nitafukuzwa. Mwalimu hakufoka. Alisema mguu wangu ni mkweli kuliko mdomo wangu, na kesho nifike saa mbili.

Mwaka uliofuata nilisema kweli. Binti alininunia wiki mbili, kisha akaacha kukikimbiza kipande. Mwezi uliopita walipotafuta wa kushika nafasi ya Mwalimu, watu kumi na wanne walipiga. Mwalimu alikataa kuwa mwamuzi. Alikaa nami koridoni, akinisihi niache kufuta dirisha lilelile. Ikachaguliwa namba sita. Pazia likafunguliwa, ni mwanangu.

Asante, Mwalimu, wengine wangenihamishia chooni. Wafanyakazi wote tunakuombea afya, usingizi mzuri na miaka mingi ya raha. Binti anaanza Jumatatu. Siku ukija kumsikiliza, usimhurumie.