Miaka Mitatu ya Bure ya Mama Yunis

Tarehe 31 Machi 1914 Mama Yunis anastaafu, baada ya kuwauguza wagonjwa wa misheni yetu kwa miaka kumi na tisa. Wengine watawaambia ni kumi na sita. Hiyo ni ile ya mshahara. Mitatu ya kwanza alifanya kazi bure, na mimi naihesabu yote.

Alikuja mwaka 1895 na vyungu kichwani, Mkisi wa ufukweni mwa Ziwa Nyasa aliyeolewa Ngonga, mfinyanzi mwenye jina. Alipomwona Bwana Daktari akisafisha kidonda, vyungu akavisahau. Aliomba afundishwe, akajibiwa kwamba nafasi haipo, wala mshahara. Akasema hakuomba mshahara. Anauliza tu bandeji zinafuliwa wapi.

Basi akafua. Wiki ya kwanza alizisugua kwa lile jiwe lake la kulainishia vyungu, zikarudi matundu matundu, zinafaa kuvulia usipa, wale dagaa wa ziwani. Tulicheka mpaka daktari akatoka kutazama. Yeye hakununa, aliuliza zifuliweje. Ndivyo alivyojifunza kila kitu, asubuhi vidonda, jioni udongo, maana watoto wake wawili walikula kwa fedha ya vyungu. Majirani walimwita kichaa. Lakini mwenda bure si mkaa bure: mwaka wa pili alifunga kidonda vizuri kuliko wasaidizi wote wa daktari.

Masika ya 1897 Bwana Daktari na wasaidizi wake walikuwa wamevuka mto Songwe kutibu ng'ambo. Akaletwa Mzee Aliko, baba mkwe wa Yunis, shoka limemkata mguu, damu inakwenda. Kwetu mke wa mwana hatazamani na baba mkwe. Akimsikia njiani hukimbilia migombani. Yunis akakimbilia nyuma ya ukuta wa matete. Mzee naye, katika maumivu yale, alijifunika uso ili kumstahi. Hapakuwa na mwingine ila mimi, wakati ule mpasua kuni wa misheni. Yunis alielekeza kutoka nyuma ya ukuta, mimi nikafunga. Kabla jua halijazama, mzee alikata roho.

Ukweni hawakumlaumu. Mama mkwe alimletea mkungu wa ndizi, akamwambia ndaga fijo, asante sana, kwa kumheshimu baba mpaka mwisho. Yunis alipiga magoti kuupokea. Sijapata kuona shukrani iliyomuumiza mtu vile.

Kesho yake alirudi kazini. Tangu hapo hakujificha tena kwa mgonjwa yeyote, hata wazee wa ukweni. Mwaka 1898 aliajiriwa, na mwaka huohuo mumewe, Lameck, akamrudisha kwao ufukweni kwa kuvunja mwiko ule. Watoto wakabaki Ngonga. Kazi aliyoitamani aliipata, akawa nayo peke yake. Inaniuma hadi leo.

Amefundisha wauguzi saba, na wa kwanza ni mimi. Yeye alimsimulia kila mmoja wetu habari za Mzee Aliko, na kila mara alisema aliyemuua ni yeye.

Mama Yunis, twakushukuru kwa yote. Nami mbele ya watu hawa naomba kusema ambalo sijathubutu kulisema kwa karibu miaka kumi na saba. Siku ile uliniambia nikaze bandeji. Ukaniambia tena, huku unalia. Nilikusikia vizuri. Mzee aliguta, nikamwonea huruma, nikalegeza, kisha nikakujibu kwamba nimekaza.

Nenda nyumbani, mama, Mungu akupe uzee wenye usingizi mwema. Lawama ile haikuwa yako. Nirudishie.

Hezekia, muuguzi mwenzako