Nilitaka Nyumba Inukie

Salamu nshawapa pale mlangoni na mmeniitikia, alhamdulillahi. Basi niacheni nianze upesi, maana nikikaa kidogo ntabadili nia nirudi zangu nyumbani. Mwenyekiti wetu wa kikundi ndiye aliyenitia hapa mbele. Alinambia, "Bibi, wenzako wengi humu wanaacha makaa, wanaingia kwenye majiko ya gesi. Simama uwaambie yaliyokukuta." Nkamwambia naona haya. Akanambia, "Haya hiyo hiyo ndiyo nnayotaka uiseme."

Na kweli naona haya mpaka sasa. Nnavyokuangalieni hivi, natamani kanga hii ingekuwa kubwa zaidi nijifunike uso. Majina sitaji. Mwenye kujijua ajijue, na mmoja wao kakaa hapo mkekani ananitazama.

Mie kwangu Kiembe Samaki, wengi mnapajua. Nyumba ndogo, ukumbi mwembamba, mwisho wa ukumbi upande mmoja jiko, upande wa pili mlango wa uani. Na sifa yangu mnaijua, msinifiche. Mtu akivua viatu tu pale mlangoni husema, "Mashallah, hapa kunanukia." Neno hilo nalipenda kuliko kusifiwa uso. Mtu akinambia nimekonda, sijali. Akinambia kwangu kunanuka, usiku huo silali.

Ninaishi na binti yangu. Anachora hina. Maharusi wa mjini humfuata mpaka kwetu, wanakaa foleni kwenye baraza, maana maua yake ni membamba, hayagusani, na mkono wake hautetemeki. Tangu baba yake afariki, mkono ule wa kulia ndio uliotulisha sote wawili. Nataka muushike mkono huo vizuri akilini.

Sasa jiko letu la gesi lilikuwa na mpira wake, ule unaotoka kwenye mtungi kwenda kwenye jiko. Ulikuwa umechoka. Umekauka, umefanya nyufa karibu na kichwa cha mtungi. Binti yangu akauona, akanambia, "Mama, huu tuubadilishe." Nkamwambia ntaufunga. Nkachukua kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, nkauzungushia, nkaukaza, nkapiga fundo. Nkajiona fundi. Si mnatujua sie, tunafunga kila kitu: ndoo iliyopasuka, mguu wa kitanda, waya wa pasi. Nkafunga na gesi. Chekeni, hata mie nilijicheka kwa raha siku ile.

Ikaja siku ya posa. Jamaa wa Mlandege, watu wa maduka, wastaarabu, walituletea habari kuwa watakuja baada ya alasiri, wazee wao pamoja na mama wa kijana. Ndugu zangu, nawaambia, sikuwa na akili nyingine siku ile ila watu wa Mlandege. Masufuria makubwa tuliyapika uani kwa makaa. Jiko la gesi nililiwasha alfajiri kwa chai tu, nkalizima. Nililizima kwenye jiko. Kwenye mtungi sikufunga, na sikuwa na desturi ya kufunga. Nani hapa hufunga mtungi kila akimaliza? Inueni mikono. Naam, naona. Teremsheni, ntarudi kwenu.

Jua lilipopanda, binti yangu akaingia jikoni, akatoka kakunja uso.

"Mama, jikoni kunanuka gesi."

Kunanuka! Siku ya posa, mwanangu mwenyewe, ndani ya nyumba yangu. Nkamwambia ni samaki wa jana.

"Mama, samaki hanuki hivi."

"Hebu nyamaza. Watu wanakuja kukuposa, wewe unanambia kwangu kunanuka? Wakikusikia je?"

Akanyamaza. Lakini alirudi akafungua dirisha la jikoni. Mungu ambariki, alifungua.

Adhuhuri akaja jirani yangu kunirejeshea sinia. Akafika mpaka mlango wa jikoni, akasita. Nilimwona. Pua yake ilicheza. Akaniangalia, akatazama chini, akasema, "Shoga, hongera, Mola atimize," akatoka mbio mbio kama aliyeacha kitu motoni. Mie nkafa kwa aibu pale pale. Nkajua kanusa. Nkajua anakwenda kusema kwa watu kuwa kwangu, kwa mie mwanamke wa kunukia, kunanuka.

Basi nkasema dawa ya hili ni udi. Na nyie mnajua fukizo linavyotaka. Ukitaka udi ukae kwenye mapazia na mito, ni lazima ufunge nyumba. Nkafunga mlango wa mbele. Nkafunga madirisha ya chumbani, ya sebuleni. Nkaingia jikoni, dirisha alilolifungua mwanangu nkalivuta nkalibana na komeo. Nkatoka, nkafunga na mlango wa jiko ili uvundo ubaki humo mpaka niufikie. Halafu ndipo nkenda uani, nkajaza chetezo makaa mekundu, nkatia udi ule niliokuwa nimeuficha kwa ajili ya harusi yenyewe.

Watu wa zimamoto walinieleza baadaye kwamba gesi ya mtungi hairuki juu. Ni nzito. Inakaa chini, inatambaa sakafuni, inajikusanya kwenye pembe. Mie sikuwa nnajua. Nnapita ukumbini na chetezo changu, nnafukiza chumbani, nnafukiza sebuleni, naimba kwa furaha. Na ile harufu hata siisikii tena. Nkasema, udi umeishinda. Kumbe pua yangu imeshaizoea tu. Mtu akikaa nayo sana haisikii, na yenyewe ipo.

Jiko nililiacha mwisho. Sikujua kuwa binti yangu ameingia humo kuchukua glasi za wageni. Nkausukuma mlango, nkainama kukiweka chetezo chini, karibu na mtungi uliokuwa hapo kando ya mlango, maana kama uvundo unatoka hapo, na udi uanzie hapo. Akageuka akaniona.

"Mama! Mama, usiweke!"

Sikumaliza kuinama. Alinirukia akanisukuma kwa mkono wake wa kulia, nkaanguka ukumbini kwa mgongo, na chumba chote kikasema vuu. Nawaombeni msinitake nieleze zaidi hapo. Mie niliungua nyusi. Yeye aliungua mkono ule, kuanzia vidole mpaka kwenye kiwiko.

Majirani walivunja mlango wa mbele, ule nilioufunga kwa mkono wangu, wakatutoa. Wakazuia mtu yeyote asirudi ndani, hata mie niliyekuwa nalilia mapazia yangu, wakaita zimamoto. Nyumba ilisimama. Jiko liliungua na dari ya ukumbi. Na gari ya kutupeleka hospitali ilipokuwa inatoka, gari ya watu wa Mlandege ikawa inaingia. Tulipishana pale pale njiani. Mama wa kijana aliniona: sina viatu, kanga nusu, uso umejaa masizi.

Na nnanukia. Mnanisikia? Mwanangu kaegemea begani kwangu analia mkono wake, na mie mwili mzima, nguo, nywele, nnanukia udi kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Dereva alifungua vioo. Nkatamani ardhi inimeze.

Baada ya hapo nilianguka vibaya zaidi, na hii ndiyo sehemu nisiyoipenda. Watu walipokuja kunipa pole nkawaambia mtungi ulikuwa mbovu. Nkasema gesi haifai, gesi inaua, rudini kwenye makaa. Yule muuza gesi wa mtaani kwetu akaanza kukimbiwa na wateja kwa maneno yangu, na mie nnapita mbele ya duka lake nimeinamisha uso. Harusini siendi. Mazikoni nnakaa mwisho. Udi ukifukizwa nyumba ya tatu, mie natapika. Na mkono wa mwanangu siutazami. Akinipa kikombe nnapokea huku nnatazama ukuta. Yeye anakaa barazani na bakuli la hina, anajaribu kushika kijiti, kinaanguka, anakiokota. Kinaanguka, anakiokota. Nami niko ndani najifanya nafagia.

Miezi ikapita. Siku moja asubuhi jirani yangu akaja, yule wa sinia. Hakupiga hodi vizuri, aliingia analia.

"Shoga, nisamehe."

Nkamwambia nikusamehe nini wewe?

"Nilinusa. Siku ile nilinusa gesi, nikaijua kabisa kuwa ni gesi. Nikaona haya kukwambia. Nikasema leo ana posa, nikimwambia kwako kunanuka ntamvunja uso. Nikaenda kwangu nikakaa kimya."

Nilikaa chini sakafuni. Miezi yote ile nilidhani alitoka kwenda kunisema. Kumbe alitoka kwa kunistahi. Yeye kaona haya kusema, mie nimeona haya kusikia, na baina ya haya zetu mbili akaungua mtoto. Tulilia sote, msiniulize nani alianza.

Alipoondoka nkaenda barazani. Nkakaa mbele ya mwanangu, nkaushika mkono wake, nkautazama. Mara ya kwanza. Ngozi imejikunja, inang'aa, kidole cha mwisho hakikunjuki. Nkamwambia, "Ulinambia, nkakunyamazisha. Hukukosea wewe. Mie ndiye niliyekuunguza." Akasema, "Mama, kuungua kumeshapoa. Kinachoniuma ni kuwa nilijua, halafu nikanyamaza uliponiambia ninyamaze. Usinifanye ninyamaze tena."

Jamani, hapo ndipo nilipogeuka. Nilikwenda kwa muuza gesi nkamwomba radhi mbele ya wateja wake, nkawaambia wote kuwa mtungi wake ulikuwa mzima, kibovu kilikuwa fundo langu. Alinitazama sana. Kisha akaniuzia mpira mpya na vibano vyake, akanionesha kupaka povu la sabuni kwenye maungio: likitoa mapovu, hapo panavuja. Povu, siyo kiberiti. Kuna mtu hapa najua hutumia kiberiti kutafuta gesi inapovuja, na asinicheke mie.

Na mtungi sasa uko nje, kwenye kibanda chenye upepo, umesimama wima. Usiku nafunga kwenye mtungi. Nikimaliza chai nafunga kwenye mtungi. Na nikinusa, siwashi taa wala sizimi taa, sigusi swichi. Nafunga mtungi kama unafikika, nafungua milango na madirisha, natoa watu nje, halafu ndo naita mwenye kujua. Nyie mlioinua mikono leo, nyie ndio mliostahiki kusimama hapa mfundishe, na mie nikae hapo mkekani.

Watu wa Mlandege nilijua wamekwenda moja kwa moja. Nani anamtaka mkwe aliyeunguza nyumba yake mwenyewe siku ya posa? Wakaja. Yule mama alipofika mlangoni nkaanza kujieleza, akanikata. "Bibi, sie tumekuja kumposa mtoto, hatukuja kukagua dari." Kisha akatazama huku na huku, akasema, "Lakini leo madirisha wazi, tafadhali." Nilicheka mpaka nkalia, na yeye akanishika.

Siku ya harusi waliokuja kumpaka hina walitaka kuufunika mkono ule kwa kitambaa. Akakataa. Akasema nao upakwe. Rangi haikushika sawasawa, palipoungua ikabaki nyepesi, maua yamekatikakatika. Akaketi kautoa nje wageni wote wauone. Nami nilifukiza udi, ndiyo, nilifukiza. Lakini nilifukiza uani, milango yote wazi, na moshi wote ukaenda kwa majirani. Nkauambia moshi, nenda.

Anachora tena, kwa taabu. Maua yake siku hizi ni mapana kidogo. Wapo wanaoyapenda hivyo.

Namshukuru Mola. Nawashukuru majirani waliovunja mlango, wauguzi, muuza gesi niliyemsingizia, mkwe wangu, na mwanangu ambaye leo hakuja kwa sababu ana bibi harusi anamsubiri. Na wewe hapo mkekani, nakushukuru kwa kuja kusema, hata kama sote wawili tulichelewa.

Nina ombi, na ndilo lililonileta. Mkija kwangu msinistahi. Mkinusa kitu mlangoni, kabla ya hodi, kabla hamjavua viatu, nambieni: "Bibi, kwako kunanuka." Semeni kwa sauti, hata wageni wangu wasikie. Ntakujibuni ahsante kwanza, ndipo nikukaribisheni ndani.