Santuri Iliyobaki Kwenye Rafu ya Bado

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba vinne nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili wa fundi mitambo na mkewe. Aliyemtangulia ni kaka yake, aliyemzidi miaka miwili. Aliyemfuata ni dada, mama mzazi wa huyu anayewasomea wasifu huu. Bibi yetu alipenda kusimulia kwamba mtoto huyo alizaliwa na ugonjwa wa kupanga vitu. Akiwa na miaka mitano alivipanga viatu vyote vya mlangoni kwa umri wa wenyewe, na shangazi mmoja aliyekataa kutaja umri wake alivikuta vyake vimewekwa uani.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, kisha akaingia sekondari ya ufundi na kumaliza mwaka 1974. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Alisema nafasi ya katikati ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa hakuna anayekuita.

Mwaka 1983 yeye na kaka yake walianzisha bendi ya hevi metali, muziki mzito wa magitaa ya umeme, iliyoitwa Karakana, kwa sababu walifanyia mazoezi katika karakana ya mpiga ngoma wao, fundi wa magari ambaye hadi leo tunamwita Breki. Kaka aliimba, marehemu akapiga gitaa la besi. Siku ya kwanza jirani alikuja mbio na spana mkononi, akidhani kuna mtambo umekwama.

Mwaka 1985 walirekodi santuri yenye nyimbo sita. Nne zilikuwa za kasi na za kunguruma, na ya tano ilijikokota taratibu. Ya sita ilikuwa sauti ya mama yao akiimba jikoni kwake, na magitaa yakiunguruma chini yake. Fomu ya kupeleka santuri redioni ilitaka aina moja tu ya muziki, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

"Mama hawezi kuwa metali," kaka alisema. "Tuutoe huo wimbo. Watatucheka mpaka tuhame mji."

"Basi usiandike metali," marehemu akamjibu. "Andika kitu kingine."

"Kitu gani?"

Marehemu alishikilia tu kwamba wimbo hautolewi. Kaka aliona ni ukaidi mtupu. Akaichana fomu, akabeba begi lake, akahamia mji ulio mwendo wa siku mbili kwa treni. Bendi ikaishia hapo.

Kuanzia tarehe 1 Septemba 1987 hadi 31 Mei 2017 marehemu alifanya kazi katika maktaba ya santuri ya redio, chumba cha chini kisicho na dirisha, ambako walimwita Mzee wa Rafu. Utaratibu wa pale ulikuwa mkali. Kila santuri ilikuwa na kadi, na kadi ilitakiwa kuwa na aina ya muziki pamoja na sahihi mbili: ya aliyeisikiliza na ya aliyekubaliana naye. Kadi ikipungua kitu, santuri haiendi hewani. Zenye utata zilikaa kwenye rafu fupi karibu na mlango, iliyoandikwa BADO. Marehemu alizipatia makao moja baada ya nyingine, hadi ikabaki moja tu, ile ya Karakana, aliyoileta mwenyewe. Kila Ijumaa aliifuta vumbi na kuirudisha palepale.

Mtangazaji wa asubuhi alimwonea huruma. "Mzee, lete kalamu. Tuandike mchanganyiko, mimi nakuwekea sahihi, yaishe."

"Mchanganyiko si aina, ni kukata tamaa," alimjibu. "Na hiyo sahihi ya pili ina mwenyewe."

Tarehe 8 Juni 1991 alifunga ndoa na mshona mapazia. Hawakujaliwa watoto, na waliachana mwaka 1999 bila maneno makali. "Alikuwa mume mwema," mkewe huyo alituambia juzi, "lakini kila jioni alikuwa anamsubiri mtu, na mtu huyo hakuwa mimi." Baada ya hapo marehemu aliishi peke yake katika vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya shule. Alikula amesimama dirishani, akaosha sahani moja na kijiko kimoja. Tulimpigia simu siku za sikukuu. Tuseme ukweli mbele yake leo: hatukumpigia vya kutosha.

Mama yao alipofariki mwaka 1996, ndugu hao wawili walibeba jeneza, mmoja upande huu na mwingine upande ule, na hawakusemezana. Januari 2000 marehemu alivunja ukimya. Aliweka sahihi yake kwenye kadi ya santuri, akaacha wazi mahali pa aina, akaituma kadi kwa posta pamoja na kikaratasi: "Kaka, andika unavyotaka. Nitakubali." Jibu halikuja. Alimwambia dada yake kwamba labda posta wameipoteza, na hakulizungumza tena.

Mapafu yalianza kumsumbua Februari 2022, akalazwa mara tatu. Kwenye fomu ya hospitali, mahali pa ndugu wa karibu, aliandika jina la kaka yake. Mahali pa namba ya simu aliandika: bado. Alifariki tarehe 19 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, wakati mpwa wake, huyu anayewasomea, ametoka kumtafutia chai. Hakukuwa na mtu kando yake.

Kaka aliwasili juzi. Aliketi kwenye benchi la uani, akatoa mfukoni mwa shati kadi iliyokunjamana. Sahihi ya pili ilikuwapo, na tarehe yake ni 3 Februari 2000. Mahali pa aina palikuwa patupu.

"Niliisaini siku ileile niliyoipata," alisema. "Aina nikamwachia aandike yeye, maana kuhusu mama alikuwa sahihi. Nikaona haya kuirudisha. Kila siku nasema, wiki ijayo."

Marehemu ameacha kaka, dada, mpwa, rafiki yake Breki, na mshona mapazia, ambaye tulibishana sana tumwandike wapi, na tumemwandika hapa. Kabla ya jeneza kushushwa tutausikiliza wimbo wa sita. Kadi itakuwa mfukoni mwa marehemu, ikiwa na sahihi zote mbili. Mahali pa aina kaka ameomba pabaki wazi, nasi tumekubali.

Mungu ampumzishe kwa amani. Amesubiri vya kutosha.