Ushauri Ni Bei Gani kwa Mita?

Mgeni rasmi, dada yetu mshauri wa biashara; mama mzazi wa mgeni rasmi, uliyekubali kukaa pale mlangoni kama tulivyokuomba; mwenyekiti wetu, Bi Mita; majirani na wateja mliopata viti, na ninyi mliokalia majora ya vitambaa: pokeeni salamu za washona mapazia kumi na mmoja.

Leo tuna furaha mpaka tunaogopa. Katibu wetu, anayekusomea haya, ameapa hatacheka mpaka afike ukurasa wa pili. Ameapa, ila tunamjua.

KUKUKARIBISHA

Mgeni rasmi, kadi yetu ilisema unakuja kuzindua cherehani ya umeme. Cherehani ni hiyo hapo, tumeifunika shuka, na utaizindua. Lakini hilo silo pekee tulilokuitia. Kwa sasa kaa, kunywa maji, na usiuangalie ubao ule uliogeuziwa ukutani.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu kina miaka tisa katika chumba hiki chenye dirisha moja, ambalo kwa miaka sita halikuwa na pazia. Ufundi tulikuwa nao. Ugonjwa wetu ulikuwa haya. Mteja akiuliza bei, tulitazamana, mmoja akacheka, mwingine akajifanya anatafuta mkasi, kisha tukasema kwa pamoja, "Toa tu utakachoona."

Wateja waliona kidogo. Marinda waliyaona, pindo waliliona, kasoro ya uzi mmoja waliiona kutoka mlangoni, lakini pochi ikifunguliwa walikuwa vipofu. Kuna mzee mmoja aliona tunastahili asante, akatupa mbili.

Ndipo ukaja, dada, kuulizia pazia la sebuleni. Hukununua, ulisema utarudi. Ukarudi na daftari, ukakaa kwenye benchi hili siku tatu, unatazama na kuandika. Siku ya nne ulilifunga, ukasema, "Tajeni bei yenu, halafu nyamazeni."

Tukasubiri mengine. Hapakuwa na mengine. Bi Mita alimnong'oneza jirani yake, "Siku tatu zote, hayo tu?" Leo anaomba radhi. Ule mkono ulioinuka pale mbele ni wake.

TULIPOFIKA

Wiki mbili baadaye aliingia bwana mwenye nyumba ya wageni. Vyumba ishirini! Wote tukamsukumia mwenzetu Bi Kimya, kwa sababu nusu ya pili ya ushauri wako aliijua tangu kuzaliwa. Akataja bei. Akanyamaza.

Yule bwana akatazama dari. Akatazama viatu vyake. Fundi wetu wa pindo akasahau kupumua, na katibu akauma kipande cha kitambaa asije akapiga kelele. Halafu bwana akasema, "Sawa. Mtamaliza lini?"

Tukamwandikia tarehe kwenye karatasi. Alipokata kona tulipiga vigelegele mpaka muuza nondo wa jirani akaja mbio kuuliza nani anaolewa. Tangu siku hiyo paa halivuji, kila mmoja wetu anapita mbele ya mwenye nyumba wake bila kujificha, na cherehani ya umeme, mgeni rasmi, tumeinunua bila kukopa. (Hapa katibu anaruhusiwa kucheka.)

KINACHOTUTATIZA

Changamoto tunayo moja tu, nayo ni wewe.

Tulipokuuliza tukulipe ngapi, ulicheka. Ukajifanya unatafuta kalamu. Ukasema, "Ah, nyinyi ni watu wangu bwana. Toeni tu mtakachoona."

Tukatazamana. Ugonjwa ule tuliujua.

Tumekaa vikao vitatu kwa ajili yako. Katika kikao cha kwanza Bi Mita, asiyeamini kitu kisichopimika, alizipanga sakafuni kurasa za lile daftari, ulizotuachia. Zilifika mita tatu na robo. Akapendekeza tulipe bei ya pazia lenye bitana, kwa kuwa ziliandikwa pande zote mbili. Tulipitisha kwa makofi! Tulikuwa tumeshaanza kuzikunja tepu zetu Bi Kimya alipouliza, "Na lile alilosema kwa mdomo je?" Tukarudi mwanzo.

Kikao cha pili tulihesabu maneno. Yalikuwa matano. Tukagawanya faida kwa matano, neno moja likawa ghali kuliko jora la hariri, tukaogopa tukaenda kunywa chai.

Kikao cha tatu tuliamua angalau tukushonee mapazia. Bi Mita na katibu wakaja kwako kupima madirisha, wewe ukiwa kazini. Mama akawafungulia. Tusamehe, dada. Walikuta dirisha la sebuleni limezibwa kwa shuka ya kitanda, imepigiliwa misumari.

Mama aliwaambia, "Ameshauri duka la viatu, ameshauri gereji, ameshauri wauza maziwa. Wote wameinuka. Wote humpa wanachoona. Mwezi uliopita mmoja aliona kalenda. Mganga hajigangi, wanangu."

Katibu hakucheka. Njia nzima hakucheka, na Bi Mita, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alisahau kupima. Ilibidi arudi kesho yake.

OMBI LETU

Sasa naomba ubao ugeuzwe.

Mgeni rasmi, umeandikwa USHAURI WA BIASHARA, na mbele yake tumeacha nafasi. Chaki ni hiyo mezani. Andika bei yako. Hatutaguna, hatutaomba upunguze, wala hatutasema sisi ni watu wako, ingawa ni kweli. Ukimaliza, ubao ni wako, uutundike mlangoni kwako ili gereji na wauza maziwa wausome vizuri.

Aliyesimama kando ya ubao na kitambaa kibichi ni Bi Kimya. Ukiandika bei iliyojaa haya, atafuta. Ukirudia, atafuta tena. Ana siku nzima, na hata ukimbembeleza hatakujibu neno. Kuhusu kutoroka, mlango umekaliwa na mama yako.

Mapazia ya sebuleni yako tayari, yenye bitana. Hayo ni zawadi, usiyahesabu.

Mungu akujalie wateja wengi na haya kidogo. Ampe mama yako afya ya kukaa mbele ya dirisha lenye pazia, alifungue asubuhi na kulifunga jioni apendavyo. Wewe ndiye uliyetutoa kwenye asante mbili. Hatuna elimu ya kukulipa, ila ushauri tunao, na ni ule ule.

Dada, taja bei yako, halafu nyamaza.

Ni sisi,
Kikundi cha Washona Mapazia wa Chumba cha Dirisha Moja