Historia ya Dada Yetu, Mkutubi wa Rafu ya Siri

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika kumsindikiza dada yetu, historia hii inasomwa kwenu na mdogo wake wa kike anayemfuata, si kwa sababu ndiye aliyestahili, bali kwa sababu marehemu alimwachia binti yake agizo kwamba isomwe na huyo huyo, na isomwe yote, kwa maneno haya: "Nikifa msinitungie maisha, yangu yanatosha."

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya duka la baba yetu, fundi saa, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, na mama yetu alizoea kusema kwamba mtoto huyu alianza kuuliza maswali kabla hajaota meno. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha sekondari ya bweni hadi 1978, na huko ndiko alikopewa jina la Mpelelezi, baada ya kugundua kwamba barua za mapenzi alizokuwa akipokea mwenzao mmoja hazikutoka kwa mvulana yeyote, ziliandikwa na msichana wa kitanda cha jirani aliyetaka kumcheka, naye alilijua hilo kwa kutazama tu herufi zilivyoinama.

Alihitimu mafunzo ya ukutubi mwaka 1981, na tarehe 3 Februari 1982 akaajiriwa katika maktaba ya mji, lile jengo linalovuja upande wa magazeti, alikofanya kazi kwa miaka thelathini na tisa. Wengi wenu mlimjua kwa rafu iliyo karibu na dirisha, aliyoijaza riwaya za taharuki, za mume mwenye maisha mawili, za mke ambaye si yule anayejiita, za wapenzi wanaolala kitanda kimoja kila mmoja na lake moyoni. Hakumpa mtu kitabu hivi hivi, alimtazama kwanza, akamuuliza ameoa au ameolewa, na ni mwaka wa ngapi, na waliofunga ndoa karibuni aliwarudisha kwenye vitabu vya bustani, akiwaambia waje baada ya mwaka mmoja watakapokuwa na nguvu. Ndani ya kila kitabu alichomeka kadi ndogo aliyoiandika kwa mkono wake, mojawapo ikisema, "Mke huyu anadanganya, ila si katika hilo unalolidhania," nyingine, "Mtazame sana yule mpole." Yeye mwenyewe alijigamba kwamba hakuna mwandishi aliyewahi kumdanganya kupita ukurasa wa thelathini, alikuwa keshamjua mwongo.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na mpima ardhi, ambaye yupo nasi hapa leo, na tarehe 2 Julai 1989 walijaliwa mtoto wao wa pekee, binti, ambaye sasa ni mwalimu wa hisabati. Kazi ya mumewe ilikuwa ya safari, wiki mbili nyumbani na wiki mbili porini na vyombo vyake, na marehemu hakulalamika, alimpangia mashati, akarudi kwenye vitabu vyake.

Mnamo Januari 2006, mdogo wake, yaani anayewasomea, alikwenda kikazi mji wa jirani, mwendo wa saa moja, na katika duka la sare za shule akamkuta shemeji yake amepiga magoti, akimfunga viatu vipya mtoto wa kike aliyekuwa akimwita baba. Shemeji alimfuata hadi nje, akamwambia, "Shemeji, nakuomba, nitamwambia mwenyewe," naye akakubali, akiamini ni suala la siku chache. Siku zikawa miezi, miezi ikawa miaka, na kila alipotaka kusema alijituliza kwamba dada yake ni Mpelelezi, hawezi kukosa kuona. Mwaka 2009 alijaribu kwa kuzunguka, akaenda maktaba akaomba riwaya ya mtu anayejua siri ya ndoa ya ndugu yake, na marehemu akafurahi, akaichomoa bila hata kutafuta, akamwambia, "Hii utaipenda. Lakini ukifika mwisho utaona, aliyenyamaza ndiye mbaya kuliko wote." Mdogo wake aliisoma yote, akairudisha kabla ya tarehe, na hakusema neno.

Kuanzia mwaka 2012 maktaba ilipata msomaji mpya, mfamasia wa mji huo wa jirani, ambaye kila Jumamosi ya pili alipanda basi kuja kuazima, kwa kuwa kwao hapakuwa na maktaba, na wakawa marafiki wa kweli, wakibishana juu ya waongo wa kwenye vitabu hadi watu wanawanyamazisha. Hawakuwahi kuulizana habari za nyumbani, na kwa miaka miwili vitabu vyenye kadi za marehemu vilikaa kwenye meza ya kitanda katika nyumba ile nyingine, mumewe akiweka kikombe chake juu yake, kwa kuwa hakuwa mtu wa kufungua kitabu.

Jumamosi ya tarehe 13 Septemba 2014, mfamasia alikuja na binti yake, akileta fomu ya kumwandikisha, imesainiwa na mdhamini, akasema huku akicheka, "Baba yake kasaini bila hata kuangalia, alikuwa anakimbilia gari." Marehemu alisoma jina, akasoma kazi, akatazama sahihi aliyoijua kwa karibu miaka ishirini na minane, kisha akagonga muhuri, akamkabidhi mtoto kadi ya maktaba, akamwambia, "Karibu, mwanangu, usikunje kurasa."

Mumewe aliporudi alimuuliza ana watoto wangapi, na alipojibiwa, "Swali gani hilo?" akasema, "La kujaza fomu." Mume hakukanusha, aliondoka wiki hiyo hiyo kwenda kuishi kule, na ndoa haikuvunjwa wala haikuponywa. Mfamasia, ambaye naye hakuwa akijua, alituma vitabu vyote ndani ya mfuko, kadi zikiwa ndani, na hakuja tena. Ndipo marehemu akamwita mdogo wake, akamuuliza jambo moja tu, "Ulijua?" naye akajibu, "Ndiyo, dada, tangu 2006." Marehemu alihesabu miaka kwa vidole mpaka minane, akasimama, akamfungulia mlango.

Aliendelea na kazi hadi alipostaafu Machi 2021, akiwapa watu vitabu kama kawaida, ila hakuchomeka tena kadi, na wenzake wanasema hakuonekana tena akisoma. Februari 2022 alianza kuvimba miguu, ikagundulika kwamba figo zake zote mbili zimeshindwa, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na alipolazwa moja kwa moja mwezi Mei 2023 alikubali mdogo wake amwogeshe na kumlisha, huku akitazama ukuta. Siku moja mdogo wake aliuliza kama amsomee, akajibu, "Soma kilichoandikwa humo. Lako usiniambie." Alisomewa siku kumi na moja. Mara mbili mdogo wake alifunika kitabu ili aombe msamaha, na mara zote mbili marehemu alisema, "Ukurasa."

Alifariki Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, ameacha binti mmoja na wajukuu wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliompeleka na kumrudisha bila kuchoka, wafanyakazi wenzake wa maktaba, na mfamasia, aliyeleta maua asubuhi hii na kuondoka kabla hatujamwomba akae. Kaka yetu mkubwa, aliyeandika rasimu ya kwanza, aliweka sentensi isemayo kwamba marehemu aliondoka akiwa amepatana na ndugu zake wote, na mdogo wake ameifuta, kwa kuwa haikutokea, na siku ya kuifanya itokee haipo tena.

Pumzika, dada, na amani tuliyokunyima uipate huko uendako.